Seli Zilizokufa Juni

Lund, 12 Mei 1988

Kaka Torgny,

Pokea salamu za huku kusini, ambako matufaha yamekwisha kuchanua na watu wanatembea bila koti. Najua ninyi huko Umeå bado mna theluji chafu nyuma ya gereji, kwa hiyo nakutamanisha makusudi. Mimi mzima. Jumapili nilimpigia Mama simu. Mguu wake umepoa, na barafu ya mtoni Lycksele imeanza kupasuka. Analalamika kwamba hupigi. Nikamwambia, "Mama, huyo mwanao akishika simu anakuwa bubu, bora ungoje barua." Msalimie sana wifi yangu Ingalill. Mwambie kitambaa alichonifumia nimekitandika mezani na kila mgeni anakisifu.

Sasa shida yangu. Pamoja na barua hii kuna kifurushi, na ndani yake chupa ndogo ya kahawia yenye unga wa rangi ya chungwa. Usiifungulie jikoni. Hicho ni kiwanja cha kikemia, mchanganyiko wangu namba arobaini na moja: chembe ya metali ya rutheni katikati, na vishikizi vitatu, yaani molekuli za kuishika, vimeikumbatia pande zote. Nilikitengeneza kiwe kichocheo, yaani kiharakishe mmenyuko ambao viwandani hautokei bila moto mkali. Kimeshindwa kabisa. Inayotakiwa kufanya kazi ni rutheni yenyewe, lakini vishikizi vimeikamata hivi kwamba hakuna kinachoweza kuifikia. Jasho langu la msimu mzima limekaa ndani ya chupa kama mgeni aliyegoma kuvua koti.

Profesa Wallerius aliniambia nikitupe. Mimi nikakumbuka kwamba kaka yangu analea seli za saratani kama watu wengine wanavyolea maua, na kwamba platini, ambayo ni jamaa ya karibu ya rutheni, imekuwa dawa ya hospitali. Hebu zipe seli zako zionje. Zikicheka tu, basi, tutakitupa wote wawili.

Dada yako,
Annelie


Umeå, 27 Juni 1988

Annelie mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima na hatulali, maana jua nalo halilali. Sikukuu ya kiangazi tuliifanya kwa akina Birger, mkuu wetu wa maabara, kando ya ziwa. Tulikula samaki wa chumvi na viazi vipya, mvua ikatunyeshea kama desturi, na Ingalill akacheza kuzunguka mlingoti wa majani na maua mpaka kiatu kikatoka. Anakusalimu. Anasema kitambaa kile si cha meza, ni cha kichwa, lakini endelea tu.

Kuhusu mgeni wako wa koti: zimekufa.

Nasema seli. Siku ya kwanza niliyeyusha unga kidogo, nikazidondoshea seli zilizomo kwenye visahani, nikaenda kunywa kahawa na wenzangu, nikarudi, nikavitia visahani kwenye kabati la joto, nikafunga. Kesho yake nikatazama kwenye hadubini nikadhani nimekosea kisahani. Zilikuwa zimejikunyata zote, zimebanduka, zinaelea. Visahani ambavyo havikupewa dawa seli zake zilikuwa zimenona. Nilirudia mara ya pili, na ya tatu, na nyingine tena baada ya sikukuu. Kila mara mambo ni yale yale. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja na sijaona kitu kinachoua seli hizi kwa kipimo kidogo hivyo.

Usikitupe. Mwambie Profesa wako hivyo, na umwambie kwa sauti.

Torgny


Lund, 9 Septemba 1988

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta na afya. Mimi ni mzima isipokuwa sauti imenikauka kwa kuongea. Mama amechuma matunda ya kinamasi ndoo mbili nzima na mguu ule ule, halafu anashangaa unauma. Nimesikia pia kwamba mwaka huu hukwenda kwenye sherehe ya samaki wa kuchacha mwezi wa Agosti. Wewe! Wewe ambaye unaweza kula kopo zima lile linalonuka peke yako! Mama anasema labda mlikuwa na wageni. Mwambie wifi aniandikie, nimempelekea kadi mbili na hajanijibu.

Torgny, nimesimama mbele ya watu. Profesa alinipeleka kwenye mkutano wa wanakemia, nikaonyesha picha zako za seli za Juni, na watu wa viti vya nyuma wakasimama ili waone. Baadaye mabwana wawili wa kiwanda cha dawa walinifuata wakaniuliza kama naweza kutengeneza zaidi. Nimetengeneza. Ndiyo hiyo chupa kubwa iliyomo kwenye kifurushi, nayo ni safi kuliko ya kwanza.

Wanataka jaribio lirudiwe kwa unga huu mpya, kisha wao watalipia kazi yangu kwa miaka mitatu. Nafasi yangu hapa inakwisha mwisho wa masika, na Profesa hakunificha. Alisema, "Bibi Sjödin, ikirudi kama ilivyokuwa, umebaki. Isiporudi, sina namna." Kwa hiyo maisha yangu yamo kwenye visahani vyako. Nakuandikia nikicheka, lakini ndivyo ilivyo.

Annelie


Umeå, 30 Oktoba 1988

Annelie,

Salamu. Baridi imeingia. Nimefunga matairi ya theluji.

Nimefanya jaribio kwa unga mpya mara nne. Seli zinaishi. Si kwamba zimekufa chache, zinaishi zote, zinazaana kana kwamba nimezipa maziwa. Nimeongeza kipimo mara kumi na bado. Samahani kwa kuchelewa. Nilitaka kuwa na uhakika kabla sijakuandikia.

Torgny


Lund, 14 Novemba 1988

Kaka,

Nakusalimu, na ningependa siku moja unijibu salamu hizo. Barua yako ina maneno machache kuliko mapishi ya kuchemsha yai. Wifi yuko wapi? Ana afya? Kanikasirikia kwa sababu ya kile kitambaa?

Nilipoisoma nilikaa kitako sakafuni. Halafu nikainuka, nikaupima unga mpya kwa kila chombo kilichomo humu ndani. Ni ule ule. Hauna uchafu, hauna maji, vishikizi ni vitatu na vyote viko mahali pake. Nakutumia pia mabaki ya unga wa kwanza, ule ulioua. Nimeutunza kwenye chupa ya kahawia kabatini kama kawaida yetu. Ujaribu huo. Ukiua, kosa ni langu la kutengeneza. Usipoua, kuna kitu kimebadilika huko kwako tangu Juni. Kaa ufikiri, Torgny. Ni kitu gani kimebadilika?

Annelie


Umeå, 18 Desemba 1988

Mpendwa Annelie,

Ahsante kwa kifurushi na kwa biskuti za tangawizi, zilifika zimevunjika lakini utamu haukuvunjika.

Unga wa kwanza nao hauui.

Umeniuliza kimebadilika nini. Nimefikiri sana. Seli ni zile zile, nilizitoa kwenye barafu kutoka akiba ya masika. Chakula chake ni kile kile. Visahani ni vya kampuni ile ile. Kabati la joto lilikaguliwa na fundi, liko sawa. Maji ni yale yale. Mikono ni hii hii. Hakuna kilichobadilika.

Nitakuja Lycksele tarehe ishirini na tatu. Nitakuja peke yangu, Ingalill ana kazi na miche yake, haiwezi kuachwa. Usimuulize Mama kama nimekonda, naye asikuulize.

Torgny


Lund, 16 Januari 1989

Kaka Torgny,

Nilifika salama. Treni ilikwama saa nyingi kwa ajili ya theluji, na nikawa na muda mwingi wa kufikiri kuliko nilivyotaka.

Tulikaa siku tano chini ya paa moja na hatukusema neno la maana. Ulipasua kuni za kutosha kijiji kizima. Kila nilipotaja kiwanja ulikwenda kuleta kuni. Mama alipokupa zile glavu alizomfumia Ingalill, ulizitia mfukoni ukasema ahsante kama mtu aliyepewa hati ya mahakama. Ulipotoka Mama aliniuliza, "Huyu kaka yako anakula kweli? Na mkewe je, miche gani hiyo inayolelewa Krismasi?" Nikasema sijui. Kweli sijui.

Profesa ameniita. Mabwana wa kiwanda wanangoja mpaka Pasaka, baada ya hapo hapana. Naye akaniuliza kitu ambacho nilikuwa nakikwepa: labda makosa hayakuwa ya Oktoba, labda yalikuwa ya Juni. Labda seli zile ziliuawa na jambo jingine. Kisahani kichafu, sabuni iliyobaki, mtu aliyekuwa anawaza sikukuu. Nilikutetea. Lakini usiku wangu haukuwa mzuri, na sasa nami nakuuliza: ulikuwa mwangalifu? Maana nilisimama mbele ya ukumbi mzima kwa neno lako.

Annelie


Umeå, 6 Februari 1989

Annelie,

Nilikuwa mwangalifu Juni kama nilivyo mwangalifu leo. Sijawahi kuosha kisahani kwa sabuni, tunavitupa. Ungeuliza ungeambiwa.

Kama unamtafuta mtu wa kumlaumu mbele ya Profesa wako, taja jina langu. Mimi sina ukumbi wa kuogopa.

T.


Lund, 15 Februari 1989

Kaka yangu,

Nimestahili. Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara nimeona haya. Nilikuandikia kama anavyoandika Profesa, na wewe si mwajiriwa wake, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kwenda shule mwaka ule wa theluji. Naomba radhi. Nina hofu, Torgny, ndiyo yote. Nikiondolewa hapa nitarudi kufundisha watoto wa sekondari tofauti ya asidi na besi, na hilo halina ubaya, ila si nililolitaka. Na kibaya zaidi ni kwamba naamini zilikufa. Niliziona kwenye picha zako, nawe hujui kudanganya. Hata karata hujui.

Nakuomba jambo moja la mwisho. Uliponiandikia Desemba uliniorodheshea vitu: chakula, visahani, kabati. Sasa usiniandikie vitu. Niandikie siku. Jifanye unaumwa na mimi nakuja kukushikia nafasi, sijui lolote, na ninataka nifanye kila unachofanya kuanzia unapovua viatu mlangoni. Halafu niandikie siku moja ya Juni vivyo hivyo. Hata yaliyo ya kipuuzi. Yaandike hasa yaliyo ya kipuuzi.

Mdogo wako,
Annelie


Umeå, 27 Februari 1989

Annelie,

Salamu, na radhi nimeshatoa. Nami nisamehe ile barua fupi. Jua limerudi, mchana sasa ni wa kuonekana, na leo matone yameanza kudondoka kutoka paani.

Umetaka siku, haya. Naingia saa mbili asubuhi, navua viatu, navaa zile ndala za mbao. Nawasha kabati la hewa safi. Natazama seli za jana. Saa tatu watu wote wa ghorofa yetu wanakwenda kunywa kahawa, mimi nabaki. Nahesabu seli, nazigawa kwenye visahani. Saa sita nakula mkate nilioleta, pale pale nilipo. Mchana nayeyusha unga wako, nazidondoshea seli, visahani vinaingia moja kwa moja kwenye kabati la joto, nafunga mlango. Saa tisa alasiri watu wanakwenda tena kunywa kahawa, mimi nabaki. Naosha vyombo. Naondoka mapema.

Juni ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa nilikuwa nakwenda kwenye kahawa.

Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu na nimeona kwamba nilikudanganya Desemba. Nilisema hakuna kilichobadilika. Kimebadilika kitu, ila sikukihesabu kuwa cha maabara. Ingalill aliondoka Agosti, wiki ile ya sherehe ya samaki. Amepanga chumba karibu na mto. Hakuna aliyemfanyia mwenzake jambo la kusimulia. Alisema tu amechoka kuishi na mtu ambaye jibu lake kwa kila kitu ni kuvuta pumzi. Unajua tunavyofanya watu wa huku, badala ya kusema ndiyo tunavuta hewa kidogo kama mtu aliyeguswa na maji baridi. Alisema miaka tisa aliishi na upepo. Nikavuta pumzi. Sikuwa na jibu jingine, Annelie, na sasa kila siku ninalo.

Yeye na miche yake ya misonobari wako ghorofa ya chini ya ardhi, lakini chumba cha kahawa ni kimoja, na kiti chake kiko mkabala na mlango. Siwezi kuingia. Unajua kwa watu wetu kahawa ya saa tisa si hiari. Kutokwenda ni kama kutangaza redioni. Basi nimetangaza, na mimi nimekaa na seli zangu tangu Agosti, na hata kwa Mama sikuweza kulisema.

Ndiyo siku yangu hiyo. Sijui itakusaidia nini.

Torgny


Lund, 4 Machi 1989

Kaka yangu kipenzi,

Nimelia kwanza, nakuambia ujue. Nilikuuliza kimebadilika nini kwa seli zako, miezi yote hii, wala sikukuuliza wewe una nini. Nilimtania wifi kuhusu kitambaa wakati umekaa peke yako na mkate wako. Nisamehe. Pasaka nitakuja Umeå, utake usitake, na nitalala kwenye kochi.

Halafu nikaacha kulia, kwa sababu ya ile sentensi yako. Jibu langu naliandika polepole ili usiniruke.

Juni ulizidondoshea seli dawa, ukaenda kunywa kahawa. Visahani uliviacha wapi?

Najua uliviacha wapi, kwa sababu niliwahi kuja kwako. Uliviacha kwenye meza ya dirishani, dirisha la kusini, kama kila mtu anayeondoka mara moja. Vikakaa pale kwa muda wa kahawa nzima, na kahawa yenu naijua, na jua lenu la Juni nalijua. Tangu Agosti huendi kwenye kahawa, kwa hiyo visahani vinaingia moja kwa moja kwenye kabati. Na ndani ya kabati kuna giza.

Nilikimbia maabara, sikuvaa hata kofia. Niliyeyusha unga kidogo kwenye maji, nikaugawa kwenye vichupa viwili. Kimoja nikakizungushia karatasi ya alumini, kingine nikakiweka chini ya taa kali. Kile cha giza kilibaki rangi ya chungwa. Cha kwenye taa kiligeuka zambarau mbele ya macho yangu. Torgny, kishikizi kimoja kinaachia! Mwanga unakibandua, na rutheni inabaki wazi, tayari kushika chochote kilicho karibu. Ndiyo maana hakikuwa kichocheo: sisi wote huku tunafanyia kazi kwenye makabati ya vioo vyeusi kwa moshi, na unga tunautia kwenye chupa za kahawia kwa mazoea, hata hatujiulizi kwa nini. Leo asubuhi nimekijaribu kwenye ule mmenyuko wangu wa zamani, safari hii chini ya taa. Kimeanza kufanya kazi. Kwa uvivu, lakini kimeanza.

Unaelewa hii maana yake nini? Dawa inayolala mwilini bila kumdhuru mtu, mpaka umulike mahali palipo na ugonjwa peke yake. Mdomo, ngozi, popote taa inapofika. Ni mbali sana na hospitali, najua. Lakini si uongo wa Juni.

Profesa anataka kuona seli, si rangi. Anataka pia atakayehesabu awe mtu mwingine, si mimi wala wewe, ndugu wawili. Inahitajika taa ya bluu, rangi ambayo unga wa chungwa huinyonya zaidi, yenye nguvu inayojulikana na isiyotoa joto. Huko Umeå kuna mtu mwenye taa kama hiyo?

Annelie


Umeå, 20 Machi 1989

Annelie,

Salamu za mtu ambaye amekula chakula cha moto.

Swali lako la mwisho nilikaa nalo siku mbili. Unajua vizuri nani mwenye taa za bluu katika jengo hili. Ghorofa nzima ya chini ya ardhi inamulikwa kwa taa za kila rangi, na chini yake wanasimama watoto wa misonobari wakipimwa wanavyorefuka. Sitaki kujua kama uliuliza kwa makusudi.

Jumatano saa tisa nikaingia kwenye chumba cha kahawa. Vichwa vyote viligeuka. Birger ndiye aliyeniokoa.

"Ee, Torgny! Tulidhani umehamia Ufini."

"Nilikosa boti," nikasema.

Wakacheka zaidi ya ilivyostahili. Nikamimina kahawa, nikatia kipande cha jibini ndani yake kama desturi yetu ya kaskazini, nikasimama. Ingalill alikuwa anatazama kikombe chake. Nikamwambia mbele ya watu wote, maana nilijua nikingoja wawe wachache sitasema.

"Ingalill, nahitaji taa zako za bluu."

"Za nini?"

Nikamweleza. Nilisema maneno mengi, Annelie. Nilisema kuhusu kiwanja, na dirisha, na kwamba mdogo wangu atapoteza kazi, na kwamba seli zimeacha kufa tangu nilipoacha kuja kunywa kahawa. Hapo Birger aliinuka akaenda kutazama gari lake. Wengine wakakumbuka nao magari yao.

Ingalill akaniuliza, "Unamulika kwa muda gani?"

"Kahawa moja."

"Kahawa yako au ya Birger?"

"Ya Birger. Nusu saa."

"Miche yangu inazitumia mpaka Alhamisi jioni. Njoo Ijumaa. Na uvilete visahani mwenyewe, usimtume mtu. Utaweza?"

"Ndiyo," nikasema. Nililitamka lote. Alinitazama muda mrefu kidogo.

Alifanya kazi yote kwa mkono wake. Aliviwekea visahani alama ambazo mimi sikuzijua. Nusu akavifunika kwa karatasi ya alumini, nusu akaviacha wazi, na vingine ambavyo havikuwa na dawa akavimulika vile vile ili ijulikane kwamba si taa inayoua. Kesho yake alihesabu yeye kwenye hadubini yangu, mimi nimesimama kwenye korido kama baba anayengoja mtoto kuzaliwa. Alipotoka alisema, "Zilizomulikwa zenye dawa hakuna iliyobaki. Za gizani zote hai. Za mwanga bila dawa zote hai."

Tulirudia Jumapili. Yale yale. Karatasi za hesabu, kwa mwandiko wake, nimeziambatisha. Mpe Profesa wako.

Nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi pale kwenye korido. Yeye akasema, "Haya, Torgny," akanishika begani, akashuka kwenda kwa miche yake. Nimempa zile glavu za Mama. Alizivaa palepale.

Torgny


Lund, 30 Machi 1989

Kaka wa thamani,

Nimefika salama na mgongo bado unauma kwa lile kochi lako. Ahsante kwa Pasaka ile. Tulikula mayai mengi na tuliongea machache, lakini yalikuwa yale yaliyotakiwa.

Nimebaki, Torgny! Profesa alizisoma zile karatasi akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akazisoma tena. Alisema, "Bibi Sjödin, kaka yako akitaka kuacha kunywa kahawa tena, aniambie kwanza." Mabwana wa kiwanda wametia sahihi miaka mitatu. Nilitoka nje nikatembea mji mzima bila kujua naenda wapi, nikanunua maua, nikajipa mwenyewe.

Sasa tunaandika makala. Sehemu ya kueleza namna ya kufanya nimeiandika wazi: visahani viliachwa dirishani wakati mfanyakazi yuko kwenye mapumziko. Profesa alitaka niifute kwa sababu haina heshima. Nimekataa. Mtu wa Uhispania au wa Japani akisoma lazima ajue kilichotokea kweli.

Limebaki jambo la majina. Wewe upo, mimi nipo, Profesa yupo mwisho kama kawaida, na Ingalill lazima awepo, bila yeye hakuna makala. Profesa ananicheka: Torgny Sjödin, Annelie Sjödin, Ingalill Sjödin, anauliza kama hii ni makala au kadi ya Krismasi ya familia. Mimi sijali. Ila Pasaka sikutaka kukuuliza, nawe hukusema. Naomba uniambie jina lake liandikwe vipi, maana likishachapishwa halibadiliki.

Annelie


Umeå, 7 Aprili 1989

Annelie mdogo wangu,

Salamu. Barafu ya mto bado inabeba mtu, lakini watoto wamekatazwa kuikanyaga. Nakunywa kahawa kila saa tisa. Tunakaa meza moja, tunaongea kuhusu misonobari. Mama nimempigia simu mwenyewe Jumapili nikamweleza yote. Akauliza kama glavu zilimtosha. Nikamwambia zilimtosha.

Nimemuuliza Ingalill kuhusu jina, ili lisiwe langu la kubahatisha. Andika Ingalill Burman. Ndilo alilozaliwa nalo, na amelirudia tangu wiki iliyopita. Karatasi za talaka nilitia sahihi mimi pia.

Kwa hiyo mtoe Profesa wako wasiwasi wa kadi ya Krismasi. Akina Sjödin ni wawili tu.

Kaka yako,
Torgny